Wembe, Kutu, na Kitovu cha Mtoto

Nilipokwenda shule ya Biblia, nilikuwa na wembe wa kukunja ambao baba yangu aliniachia. Ulikata vizuri bila kuumiza ngozi. Asubuhi ya safari nilinyoa ndevu, nikauosha upesi, nikautia katika mfuko wake wa ngozi, nikaufungia ndani ya sanduku ili usiibwe. Niliporudi baada ya miezi mingi, nilikuta makali yake yameliwa kama jani lililoliwa na viwavi. Mwizi hakuingia nyumbani. Maji niliyoyaacha ndani yake ndiyo yaliyouiba.

Ndugu msomaji, somo hili lina mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutunza wembe usipate kutu. La pili ni kubwa zaidi: wembe usio na kutu si lazima uwe wembe usio na vidudu. Wengi wanayachanganya mambo haya, na kwa sababu hiyo watoto wamekufa.

1. Kutu inatoka wapi?

Kutu si uchafu uliotoka nje ukakaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka. Maji na hewa vikikigusa chuma pamoja, chuma hugeuka kidogo kidogo kuwa unga mwekundu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na jasho na damu vina chumvi.

Hapa Nyankunde, na katika Ituri yote, mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Hata wakati wa jua, tangu Desemba mpaka Februari, usiku una baridi na asubuhi kuna umande. Chuma kilichopoa usiku kikikutana na hewa yenye unyevu hutoka jasho, kama chupa ya maji baridi. Kwa hiyo wembe unaweza kulowa hata kama hakuna mtu aliyeumwagia maji.

Nyembe nyingi nyembamba za siku hizi zimechanganywa na madini ya kromu, nazo hazishiki kutu upesi. Lakini nyembe nyingi za kukunja za zamani ni za chuma kisicho na kromu ya kutosha. Hizo zinahitaji mlinzi.

2. Namna ya kuweka wembe

Kwanza, uoshe kwa maji na sabuni mara baada ya kunyoa, kisha uusuuze kwa maji safi. Usiulaze katika maji ya Javel, kwa sababu dawa hiyo hula chuma.

Pili, ukaushe kwa kitambaa safi, kutoka mgongo kuelekea makali. Usisahau kiungo pale wembe unapokunjwa, wala nafasi iliyo ndani ya mpini. Hapo ndipo maji hujificha. Acha wembe wazi mahali pakavu kwa saa moja kabla ya kuukunja.

Tatu, upake mafuta kidogo sana. Mafuta ya mashine ya kushonea yanafaa, na vaselini pia. Mafuta ya mawese hayafai kwa kazi hii, maana yakikaa huchacha na kunata, na ukali wake unaweza kukitia chuma madoa.

Nne, uweke ndani ya mkebe mkavu wenye kifuniko, juu ya rafu, mbali na mikono ya watoto. Usiuweke kwa muda mrefu katika mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushika. Usiufunge katika karatasi ya gazeti. Tena usiuchomeke katika nyasi za paa kama wazee wetu walivyozoea; nyasi hushika umande, vumbi, na moshi wa jiko.

Tano, ufungue mkebe kila mwezi, na wakati wa mvua kila juma la pili. Pangusa mafuta ya zamani, paka mapya. Ukiona doa dogo jekundu mgongoni, lisugue polepole kwa kitambaa chenye mafuta na majivu laini. Lakini ukiona kutu imeingia katika makali yenyewe, usinyoe nao tena. Makali hayo yamekuwa kama meno ya msumeno, nayo hukwaruza ngozi na kufungua mlango wa vidonda.

Siku ya kunyoa, pangusa mafuta, kisha uoshe wembe kwa sabuni.

3. Kung'aa si usafi

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wa siku nane. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Siku ya sita alishindwa kufungua kinywa. Tulipomtazama, mgongo ulikuwa umepindika na mikono imekunjwa, na kila alipoguswa alikakamaa. Ilikuwa pepopunda. Nilimwuliza bibi yake kitovu kilikatwa na nini. Akafungua kitambaa, akanionyesha wembe unaong'aa kama kioo, umepakwa mafuta. Akasema, “Tazama, mwanangu, hauna kutu hata kidogo.” Alisema kweli. Alikuwa ameutunza miaka mingi kwa uaminifu. Mtoto alikufa kabla ya mapambazuko.

Watu husema kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Inaletwa na kidudu kinachokaa katika udongo, katika vumbi, na katika mavi ya wanyama. Kifaa chenye kutu mara nyingi kimelala chini, kwa hiyo kimebeba udongo. Lakini wembe unaong'aa unaweza kubeba kidudu hicho hicho. Mafuta huzuia kutu tu. Hayaui kidudu.

Tena mbegu za kidudu hiki zina ganda gumu. Maji yanayochemka jikoni hayaziui zote. Hospitali hutumia chombo cha mvuke kilichofungwa kwa nguvu, ambamo joto hufika nyuzi 121. Kwa hiyo usikate kitovu kwa wembe wa nyumbani, hata kama umeuchemsha.

Basi mama azalie hospitalini au katika kituo cha afya. Apate sindano za kuzuia pepopunda wakati wa mimba, maana kinga yake humfikia mtoto tumboni. Mtoto akizaliwa njiani kabla ya kufika, nawa mikono kwa sabuni, na ukate kwa wembe mpya uliofunguliwa katika karatasi yake saa ile ile. Usitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala udongo juu ya kitovu. Kisha mpeleke mama na mtoto kwa muuguzi siku hiyo hiyo.

4. Wembe mmoja, mtu mmoja

Wembe hukwangua damu kidogo hata pale jicho lisipoiona. Kwa damu hiyo ukimwi, ambao wengi hapa huuita sida, unaweza kupita kutoka mtu hadi mtu. Virusi vya hepatiti B, ugonjwa wa ini, vinaweza kuishi siku saba juu ya kitu kikavu. Nasi wa Ituri tuliona Ebola tangu mwaka 2018 hata 2020, tukajifunza kwa machozi kwamba damu ya mgonjwa si ya kuchezea.

Kwa hiyo baba asimwazime jirani wembe wake. Kwa kinyozi, dai wembe mpya. Anayechanja chale asitumie wembe mmoja kwa watu wawili. Nyembe zilizotumika zitie katika mkebe wenye kifuniko, na mkebe ukijaa utupe katika shimo la choo.

Bwana Yesu alipofundisha mlimani alitaja kutu pamoja na nondo na wezi, waharibuo mali ya duniani. Utunze wembe wako vema, maana ni mali. Lakini mtoto si mali ya kununuliwa tena sokoni.

Maswali

1. Ni vitu gani viwili hukutana na chuma ili kutu itokee?
2. Kwa nini mfuko wa ngozi na nyasi za paa si mahali pazuri pa kuweka wembe?
3. Wembe wa yule bibi haukuwa na kutu. Kwa nini mtoto alikufa?
4. Nyumbani kwako kuna nyembe ngapi, na kila mmoja ni wa nani?