Dondoo Muhimu: Kukausha Chambo Bandia kwa Mota ya Maikrowevu Kuukuu

Mvuvi achongaye chambo bandia cha mti, akakipaka gundi ya epoksi, hana budi kukizungusha polepole hata gundi igande, ama sivyo itateremka na kujikusanya tumboni mwa chambo mfano wa tone la asali. Kwa kazi hiyo sioni kifaa bora kuliko ile mota ndogo iliyo chini ya sahani ya maikrowevu mbovu, ambayo aghalabu huzunguka mara 5 au 6 kwa dakika. Mota ya feni ina kasi mno. Lakini tahadhari, tena tahadhari kubwa: kapasita ya maikrowevu huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, basi kazi ya kufungua maikrowevu mwachie fundi wa umeme, naye asome kibandiko cha mota, kwani baadhi hutaka volti 21 tu, wala si 240. Chambo kikae mlalo, mbali na vumbi, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa ya gundi. Ndoana zifungwe baadaye.