Kilio cha jioni na maneno ya majirani

Swali: Mwanangu ana wiki 6. Kila jioni analia mfululizo, na majirani wanasema maziwa yangu hayamtoshi, nimpe uji. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, mama. Uji bado, hadi miezi 6 maziwa yako pekee yanamtosha. Kilio huzidi katika umri huu wa wiki 6, kisha hupungua chenyewe. Tazama nepi: zikilowa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, mtoto anashiba. Mkiwa kwenye foleni ya mizani, zungumza na wenzako. Wengi wao nao hawalali. Jioni baba ambebe, wewe uoge, ule. Ila akipata homa, akilegea au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.