Kiamsha Kinywa cha Kushibisha kwa Bajeti Ndogo: Somo kwa Familia za Nakuru

Wakenya wameupa mwezi wa kwanza jina la Njaanuari, na kila mzazi anaijua sababu. Karo, sare, kodi ya nyumba na madeni ya Krismasi hufika kwa pamoja, na mahali pa kwanza panapopunguzwa ni kwenye sufuria. Mtoto huondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi na vipande viwili vya mkate. Ikifika saa nne asubuhi, mwalimu yuko ubaoni na mtoto anafikiria tumbo lake.

Chakula ndicho mzigo mkubwa zaidi kwa familia nyingi. Hata katika kapu la bidhaa ambalo Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, hutumia kupima mfumuko wa bei, vyakula na vinywaji visivyo vya kileo huchukua takriban theluthi moja. Kwa nyumba inayotegemea kibarua, sehemu hiyo huwa kubwa zaidi.

Somo hili linaangalia mlo mmoja tu, wa asubuhi, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kidogo kidogo bila kuonekana. Mwishoni utaweza kupanga kiamsha kinywa cha wiki nzima, kulinganisha gharama, kununua kwa vipimo vinavyokufaa na kuhifadhi nafaka bila hatari. Bei tulizotumia ni za mfano. Chukua kalamu, uweke bei za soko lako, iwe ni Wakulima mjini Nakuru, Molo, Gilgil au Naivasha.

HATUA YA KWANZA: JUA PESA INAKOENDA

Andika kila shilingi inayotoka kwa siku saba. Daftari la mtoto lililobaki kurasa chache linatosha. Ukilipa kwa simu, taarifa ya M-Pesa itakukumbusha ulichosahau. Usibadilishe chochote wiki hiyo, andika tu. Familia nyingi hugundua kwamba mkate, maziwa ya pakiti, mandazi na sukari ya kupimiwa, vikijumlishwa, vinashindana na kodi ya nyumba.

Kwa anayelipwa kila siku, kama mwendeshaji bodaboda, fundi wa mjengo au muuza mboga, kupanga bajeti ya mwezi kwa mkupuo ni vigumu. Njia rahisi ni kugawanya gharama za mwezi kwa siku za kazi. Kodi ikiwa Sh4,500 na unafanya kazi siku 25, kila siku ina deni la Sh180 la nyumba. Weka pesa hiyo kando kabla ya kununua kitu kingine, kisha chakula, kisha akiba ya shule. Ukingoja mwisho wa mwezi uone kilichobaki, mara nyingi hutakuta kitu.

HATUA YA PILI: HESABU YA MEZA YA ASUBUHI

Tuchukue familia ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu wa shule. Hapa kuna milo mitatu tuliyoipigia hesabu.

Mlo wa kwanza: chai ya maziwa na mkate. Mkate mmoja na nusu wa gramu 400 kwa Sh70 ni Sh105. Nusu lita ya maziwa ni Sh35, sukari gramu 100 ni Sh16, majani ya chai Sh5, na siagi ya kupaka Sh15. Jumla ni Sh176.

Mlo wa pili: uji na viazi vya kuchemsha. Unga wa wimbi gramu 200 kwa bei ya Sh150 kwa kilo ni Sh30. Sukari kidogo ni Sh10, robo lita ya maziwa Sh18, na kilo moja na robo ya viazi, vitamu au waru, Sh62. Jumla ni Sh120.

Mlo wa tatu: githeri na chai ya rangi. Mahindi gramu 300 ni Sh15 na maharagwe gramu 150 ni Sh18. Kitunguu, mafuta na chumvi ni Sh20, makaa Sh15, sukari na majani ya chai Sh15. Jumla ni Sh83.

Tazama sasa kinachoingia tumboni. Milo yote mitatu inakaribiana kwa nguvu inayoupa mwili, lakini githeri ina protini zaidi kuliko mkate kwa chini ya nusu ya bei. Ina pia nyuzinyuzi nyingi, ndiyo maana tumbo hukaa nayo muda mrefu. Wimbi nalo lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula, takriban miligramu 340 katika kila gramu 100, kwa hiyo linafaa mifupa ya mtoto na ya mama mjamzito.

Familia ikila mkate kila siku, wiki inagharimu Sh1,232. Ikila githeri siku tatu, uji na viazi siku tatu, na kuuweka mkate wa Jumapili, wiki inagharimu Sh785. Tofauti ni Sh447. Kwa wiki 13, yaani robo ya mwaka, hiyo ni Sh5,811. Kwa mzazi anayehangaikia vitabu na sare, huo ni msaada uliokuwa jikoni mwake siku zote.

Mkate haujakatazwa, na mtoto hahitaji kuambiwa kwamba nyumba imeishiwa. Siku ya mkate inapowekwa kwenye ratiba, watoto huisubiri kwa furaha. Jambo lingine la kuangalia ni chai: majani yake huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na nafaka. Kama unaweza, kunywa chai saa moja kabla au baada ya kula, na badala yake uongeze kipande cha chungwa au pera, ambavyo husaidia madini hayo kufyonzwa.

HATUA YA TATU: BEI YA KADOGO

Uchumi wa kadogo umewasaidia wengi, kwa sababu mwenye Sh20 leo bado anaweza kupika. Lakini kadogo ina gharama yake. Robo kilo ya sukari ikiuzwa Sh45, kilo nzima umeilipia Sh180, hali pakiti ya kilo ni Sh160. Mililita 50 za mafuta ya kupikia zikiwa Sh20, lita moja inakufikia kwa Sh400, hata kama duka hilo hilo linauza lita kwa Sh300.

Ukikosa pesa za kununua kwa wingi peke yako, unganeni. Majirani wanne wa ploti moja wanaweza kuchanga, wakanunua gunia la waru la kilo 50 kutoka kwa mkulima wa Molo, Kuresoi au Mau Narok, kisha wakagawana. Chama chenye mzunguko wa kila wiki kinaweza kutenga zamu moja kwa mwezi iwe ya mahindi na maharagwe.

Jihadhari pia na vipimo. Gorogoro iliyobonyezwa chini au kuwekwa kipande cha mbao ndani hukuibia kila unaponunua. Linganisha gorogoro na mizani angalau mara moja, na ukitilia shaka, maafisa wa vipimo na mizani wa kaunti ndio wanaohusika.

Kuhusu mikopo ya simu, hesabu ada kama sehemu ya bei ya chakula. Mkopo unaotozwa Sh5 kwa siku, ukikaa nao siku 12, umekula Sh60. Kwa bei tulizotumia, hizo ni pesa za kilo nzima ya mahindi, na zinabaki Sh10.

HATUA YA NNE: NUNUA WAKATI WA MAVUNO, HIFADHI KAVU

Bei ya mahindi ina msimu wake. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mahindi hupandwa Machi na Aprili, na mavuno makubwa huanza Oktoba. Miezi ya katikati ya mwaka ndiyo ya kibano, hasa mvua ikikosekana. Mei 2017, serikali ya kitaifa ililazimika kuweka ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe Sh90. Julai 2022, bei ilipopita Sh200, ruzuku nyingine ilitangazwa kuishusha hadi Sh100. Familia iliyokuwa na gunia moja ndani ya nyumba ilipata ahueni isiyotegemea tangazo lolote.

Lakini gunia lenye unyevu ni hatari kuliko kukosa gunia. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya yakiwemo Makueni na Kitui, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika wala kwa kusaga.

Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 13.5. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: tia chumvi kavu kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi robo ya chupa, funga na utikise kwa dakika chache. Iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Anika juu ya turubai, kamwe usianike moja kwa moja kwenye udongo. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizobadilika rangi au kuota ukungu usiwape watoto, na usizisage ili kuzificha ndani ya unga. Njugu zichague vivyo hivyo.

HATUA YA TANO: OKOA MAKAA NA GESI

Githeri huogopwa kwa sababu ya makaa. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Muda wa kupika utapungua sana. Mwenye kikapu cha kupikia bila moto achemshe kwanza kwa nguvu dakika 30 hadi 40, aifunike sufuria, aiweke kikapuni saa tatu au nne, kisha airudishe motoni ichemke tena na kuiva. Usiruke hatua ya kuchemsha kwa nguvu, kwa maana maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo na kuleta kutapika.

Pika githeri jioni, ile ya chakula cha usiku na ya asubuhi kwa pamoja. Sehemu ya asubuhi itoe kabla ya kukaanga, ipoe, ifunike na uiweke mahali penye baridi. Usiiache usiku kucha ndani ya kikapu ikiwa vuguvugu, kwa kuwa joto hilo ndilo vijidudu hupenda. Asubuhi ichemshe mpaka itokote. Ikinuka au ikiteleza, mwaga.

Viazi vichemshe na maganda yake, utapoteza kidogo zaidi kuliko ukivimenya vikiwa vibichi.

UJI WA MTOTO MDOGO

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo, kosa la kawaida ni uji mwepesi kama maji: hujaza tumbo dogo bila kuulisha mwili. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika upesi. Uongezee maziwa au kijiko cha njugu zilizosagwa laini. Unga uwe wa nafaka moja au mbili. Ukichanganya nafaka sita, njugu, soya na omena katika unga mmoja, haviivi kwa wakati mmoja, na mtoto anaweza kuumwa na tumbo. Omena au maharagwe mpe kwenye mlo mwingine. Wenye desturi ya kuchachusha uji waendelee nayo, kwani kuchachusha hupunguza vitu vinavyozuia madini kufyonzwa. Muhimu ni kutumia maji salama na chombo safi, na kuuchemsha vizuri.

ZOEZI LA WIKI

1. Andika matumizi yako ya asubuhi kwa siku saba, ujumlishe.

2. Chagua siku tatu za kubadilisha mlo wiki inayofuata. Ongea na familia kwanza, watoto washiriki kuchagua siku.

3. Weka tofauti ya pesa kwenye mkebe au simu siku hiyo hiyo. Akiba isiyotengwa mara moja hutumika jioni.

4. Baada ya wiki nne, ihesabu na uipe kazi moja: karo, gunia la mahindi, au deni la dukani.

Mtoto wako akipungua uzito au akikataa chakula kwa siku kadhaa, usingoje akiba. Mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako, au afisa wa lishe katika kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe kitabu cha mama na mtoto. Maswali kuhusu kukausha nafaka na bustani ya mboga ya jikoni, hata ile ya gunia moja mlangoni, yapeleke kwa afisa wa ugani wa wadi yako.