Somo kwa Vikundi: Karatasi za Miche na Samaki wa Mto

Ndugu wanavikundi wa Tetu, tunapanda miti kando ya Chania ili maji yawe safi. Lakini je, ile karatasi ya nailoni tunayopasua siku ya kupanda huenda wapi? Nyingi hubaki pale pale ukingoni.

Nailoni haiozi. Jua huikausha, inakatika-katika hata iwe vipande visivyofika milimita 5, vingine jicho halivioni. Mvua huvisukuma mtoni, kutoka Chania hadi Sagana, Tana, na bwawa la Masinga. Samaki humeza akidhani ni chakula. Tumbo hujaa, lishe hakuna. Mwaka 2016 watafiti walieleza juu ya sangara na sato wa Ziwa Victoria walionunuliwa sokoni Mwanza: mmoja kati ya kila watano alikuwa na plastiki tumboni.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, karatasi za miche bado tunazo. Basi mmoja wetu abebe gunia na kuhesabu: miche 200, karatasi 200. Na kwa nini kupasua? Mche uliomwagiliwa asubuhi, ukiuminya pole pole, hutoka na udongo wake, na karatasi inangoja msimu ujao. Zilizochakaa zisichomwe, jamani, moshi wake ni sumu. Wenye migomba wajaribu maganda yake kitaluni. Hayo yaweza kuzikwa pamoja na mche.