Kabla Fundi Hajaja Kuchomelea: Ukiumia Katika Nyumba ya Likizo

Chuma cha kushikia kwenye ngazi ya ile nyumba ya Diani kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kinang'aa. Chini ya rangi, pale kilipokutana na ukuta, kutu ilikuwa imeshaila nati. Dada yangu alikiegemea akishuka kutoka darini saa mbili usiku, siku ya pili ya likizo yetu ya Desemba. Kikang'oka. Alianguka vidato saba hadi kwenye vigae, mkono wa kulia ukitangulia.

Keateka, yaani mtunzaji wa nyumba, alikuja mbio na tochi. "Pole sana, mama. Pole sana." Akampigia mwenye nyumba aliyekuwa Nairobi, naye akasema pole, akaongeza kwamba "tutaongea". Hospitalini eksirei ilionyesha mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika mahali pawili. Dada ni fundi cherehani. Mkono huo ndio duka lake.

Tuliporudi alfajiri nilikipiga picha kile chuma kabla sijalala: kwa mbali ngazi nzima ionekane, kwa karibu kutu na tundu la ukutani, kisha nikaweka sarafu ya shilingi ishirini kando ili ukubwa wa tundu ujulikane. Hasira ndiyo iliyonisukuma. Saa tatu asubuhi fundi akafika na mashine ya kuchomelea. Kufikia adhuhuri chuma kilikuwa imara, rangi mpya bado mbichi, na mtu ambaye angefika wakati huo angeapa kwamba hapakuwahi kutokea jambo.

Miezi tisa ya kufuatilia shauri la dada imenionyesha kwamba haki nyingi za mgeni aliyeumia hupotea asubuhi ya namna hiyo, kabla wakili yeyote hajaonwa.

Sheria yenyewe ipo, na iko upande wa mgeni kuliko wengi wanavyodhani. Kenya ina sheria maalumu ya dhima ya wanaokalia majengo, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Inamtaka mwenye kulidhibiti jengo achukue hadhari inayofaa ili mgeni awe salama anapolitumia kwa shughuli iliyomleta. Kama wageni ni watoto, ajue kwamba mtoto hana uangalifu wa mtu mzima. Kibao cha "Tahadhari" pekee hakimwokoi, isipokuwa kama onyo hilo lilitosha kumfanya mgeni awe salama kweli.

Hata hivyo, kuanguka peke yake si kesi. Mtu akimwaga maji mwenyewe sebuleni kisha akateleza, hana wa kumdai. Anayedai lazima aonyeshe kwamba hatari ilikuwepo, kwamba mwenye jengo aliijua au alipaswa kuijua, na kwamba hakufanya lolote la maana kuiondoa. Hapo picha ya kutu ikatufaa. Wakili aliitazama akasema nati hailiwi usiku mmoja, na kwamba hakuna mwenye nyumba kandokando ya Bahari ya Hindi asiyejua chumvi ya upepo wa pwani inavyotafuna vyuma.

Sasa, umshtaki nani? Hapa watu wengi hukwama, maana nyumba ya likizo ina mikono mingi: mwenye hati anaishi Nairobi au Milano, wakala anapokea wageni, keateka anashika funguo. Kuna kesi ya Uingereza ambayo mawakili wa kwetu huitaja mpaka leo. Mwaka 1958 mtu mmoja alikwenda likizo na familia yake Great Yarmouth, wakakodi vyumba juu ya baa. Usiku alianguka kwenye ngazi ya nyuma, akafa. Taa ya juu haikuwa na balbu, na kishikio kilikomea kabla ya vidato vya mwisho. Jengo lilikuwa la kampuni ya bia, lakini vyumba vya juu vilikuwa mikononi mwa meneja na mkewe. Kesi hiyo, Wheat dhidi ya E. Lacon, ilifika hadi Baraza la Malodi mwaka 1966, na Lord Denning akaeleza kwamba jengo moja linaweza kuwa na wakaliaji zaidi ya mmoja, kila mmoja akiwajibika kwa kadiri ya udhibiti wake. Mjane alishindwa, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba kampuni ilikosa hadhari: balbu ilionekana kuwa imeondolewa na mtu baki. Lakini kanuni ilibaki, nayo ndiyo iliyotuwezesha kumwandikia mwenye nyumba na wakala wake kwa pamoja.

Kuyapata majina yao ni kazi ya mikono. Anza na jina linalojitokeza kwenye M-Pesa unapolipa. Mara nyingi ni tofauti na lile la kwenye tangazo. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ujue hati ni ya nani. Kama ni kampuni, omba CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mtandao wa kukodisha nao usiudharau. Airbnb husema yenyewe ni daraja tu kati ya mgeni na mwenyeji, ila ina bima ya dhima kwa wenyeji inayofikia dola milioni 1 za Marekani. Mgeni aliyeumia aripoti tukio huko kwa maandishi mapema, kumbukumbu ibaki. Sisi tulikodi kwa simu kupitia wakala, bila mtandao wowote katikati, kwa hiyo mlango huo haukuwepo kwetu.

Ushahidi tulioukusanya ulijaa bahasha moja ya kaki. Namba ya OB, yaani daftari la matukio, kutoka kituo cha polisi, iliyoandikwa siku iliyofuata. Eksirei na maelezo ya daktari. Kila risiti, hata ya teksi, kwa sababu mahakama za Kenya ni kali sana hapa: gharama ulizotumia huzipati mpaka uzitaje moja moja katika madai na uzithibitishe. Maumivu hayana risiti, hayo hakimu huyapima kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Kazi iliyopotea dada aliithibitisha kwa daftari lake la oda na taarifa za M-Pesa za miezi sita kabla ya ajali. Picha na jumbe za simu zina masharti yake. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hutaka ziambatane na cheti cha aliyezitoa. Usizifute kwenye simu baada ya kuzichapisha.

Muda nao unatembea. Madai ya uzembe Kenya hufa baada ya miaka 3, ya mkataba baada ya 6. Anayeidai Serikali kwa uzembe ana miezi 12 tu. Tanzania Bara nayo ina miaka 3 na 6. Walio ughaibuni wasikisie: Florida, ambako familia nyingi hukodi nyumba za likizo, ilipunguza muda wa madai ya uzembe kutoka miaka 4 hadi 2 mnamo Machi 2023. Kwa kawaida sheria inayohesabika ni ya mahali ulipoanguka.

Kabla ya kushtaki, wakili aliandika barua ya madai. Haikujibiwa. Tukafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe mle bila wakili, na nimewaona waliofanya hivyo vizuri. Jeraha zito zaidi huenda kwa hakimu. Hakimu mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 20. Jihadhari na wakili anayekuambia hutalipa kitu mpaka ushinde. Makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu chini ya Sheria ya Mawakili ya Kenya, na anayeanza kwa ahadi batili sioni sababu ya kumwamini.

Upande wa pili ulikuja na hoja moja yenye uzito: dada alikuwa amebeba sinia kwa mkono mmoja, na hakuwasha taa ya ngazi. Ni kweli. Sheria ya Kenya haimnyimi fidia mtu kwa kosa dogo kama hilo, ila hupunguza kiasi kulingana na mchango wake katika ajali. Nilitaka tupinge. Dada akanikatiza: "Mdogo wangu, taa sikuwasha. Waseme hilo, nasi tuseme la nati." Alikuwa sahihi, na nadhani ukweli wake ndio uliolainisha mazungumzo. Wiki ya tano baada ya kufungua shauri walikubali kulipa nje ya mahakama, asilimia 20 ikikatwa kwa ajili ya sinia na taa.

Lakini toleo la kwanza lilikuja mapema zaidi, wiki ya pili baada ya ajali, mkono ungali kwenye plasta. Wakala alifika nyumbani na bahasha ya pesa taslimu na karatasi ya kutia sahihi, iliyosema malipo hayo ni kamili na ya mwisho. Pesa zile zingelipa hospitali na kodi ya mwezi mmoja, na dada alikuwa na dhiki. Alikataa. Daktari wa pili alimpima miezi sita baadaye, akaandika kwamba kidole gumba hakitakunjika tena kama zamani. Ripoti hiyo ndiyo iliyoamua sehemu kubwa ya fidia, na wiki ile ya pili hakuna aliyejua habari ya kidole. Ukiletewa karatasi kama ile, iache mezani bila sahihi mpaka daktari aseme umepona kwa kiasi gani.