Kumlea Mtafiti wa Kidato cha Sita: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anapotaka kuandika utafiti unaohusu afya, mara nyingi mlango wa kwanza anaoubisha ni wa zahanati au kituo cha afya kilicho jirani naye. Ni rahisi kumrudisha kwa sababu kazi ni nyingi, au kumfungulia daftari la wagonjwa anakili atakacho. Yote mawili hayafai: la kwanza huua udadisi, la pili huvunja siri tuliyokabidhiwa na mgonjwa. Somo hili linaeleza njia ya tatu, yaani kumsaidia kijana apate swali analoweza kulijibu kwa macho yake mwenyewe bila kumdhuru mtu.

Kwa nini tumsikilize

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kuwa maziwa ya moto aliyoyatia katika jokofu ili kutengeneza aisikrimu yaliganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali lilelile Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, bali alikwenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wangali wakibishana kuhusu jambo hilo hadi leo, lakini mlezi mwema alitimiza wajibu wake: alilichukua swali la mwanafunzi kuwa swali halisi.

Hatua ya kwanza: kulipunguza swali

Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapa, na reli ya TAZARA vilevile. Si ajabu kijana wa hapa akaja na swali kama hili: "Kwa nini madereva wa malori wanaambukizwa VVU?" Usimkatishe tamaa. Mwombe alipitishe swali lake katika chekecheo tatu:

1. Je, jibu lake naweza kuliona au kulihesabu mwenyewe?
2. Je, naweza kumaliza mapema kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha sita?
3. Je, kuna mtu atakayeaibika au kudhurika majibu yakijulikana?

Swali la madereva linakwama katika chekecheo la kwanza na la tatu. Badala yake anaweza kuuliza: "Je, kuweka sabuni kando ya bomba la choo cha shule kunaongeza idadi ya wanafunzi wanaonawa mikono?" Swali hili ni dogo, lakini linagusa kuhara na kipindupindu, magonjwa ambayo mji wenye wasafiri wengi hauwezi kuyapuuza.

Hatua ya pili: kupima kwa haki

Tuseme kijana amehesabu wanafunzi 40 waliotoka chooni katika wiki isiyo na sabuni, na 12 wakanawa. Wiki iliyofuata sabuni ikawekwa, akahesabu wengine 40, na 22 wakanawa. Hiyo ni asilimia 30 dhidi ya asilimia 55. Kabla hajafurahi, muulize: Je, saa na siku za kuhesabu zilikuwa zilezile? Je, maji yalitoka wiki zote mbili? Je, wanafunzi walijua kuwa wanatazamwa? Na hata majibu yote yakiwa mazuri, hawezi kuandika kuwa kuhara kumepungua, kwa kuwa kuhara hakukuhesabu. Kijana akilielewa hilo, amejifunza nusu ya sayansi.

Hatua ya tatu: ridhaa na siri

Kwa kazi ya shuleni, apate kibali cha mkuu wa shule na asiandike jina la mtu. Akitaka kuwahoji walio chini ya miaka 18, anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na ya mtoto mwenyewe pia. Utafiti unaowahusu wagonjwa huhitaji kibali cha kimaadili. Nchini kwetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ni miongoni mwa zinazokitoa. Kwa hiyo daftari la wagonjwa lisitoke mikononi mwako.

Kumbuka pia kuwa kufuta jina hakutoshi. "Dereva wa lori, mgeni, aliyelazwa Jumanne" ni mtu anayetambulika katika mji mdogo.

Hatua ya nne: kuandika

Awe na daftari moja, kila ukurasa ukiwa na tarehe, na asifute alichokosea bali akipigie mstari. Andiko lenyewe lieleze swali, njia, matokeo, mjadala na mapungufu. Aandike kwa maneno yake na ataje alikochota mawazo ya wengine. Sabuni isipoleta tofauti yoyote, hayo pia ni matokeo, na yaandikwe yalivyo.

Neno kwa mgonjwa

Mwanafunzi akikuomba akuhoji, una haki ya kukataa, na matibabu yako hayatabadilika kwa sababu hiyo. Muulize: Wewe ni nani? Nani anakusimamia? Majibu yangu yatakwenda wapi? Asiyeweza kujibu hayo hajawa tayari kukuuliza lolote.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi anataka kujua ni wajawazito wangapi wa mtaani kwake wana VVU. Lipitishe swali hilo katika chekecheo tatu, kisha mpendekezee lingine.
2. Taja sababu mbili, mbali na sabuni, zinazoweza kuifanya 12 kuwa 22.