Dondoo muhimu: Kabla hujaamini ulichosoma kwenye simu

Kwa wanafunzi wa uuguzi, Handeni na Korogwe

Tazama mwaka kwanza. Ukurasa wa zamani unaweza kukuambia malaria hutibiwa kwa SP, ilhali Tanzania iliingia kwenye dawa mseto mwaka 2006 na SP ikabaki kuwa kinga kwa wajawazito. Kosa hilo humuumiza mgonjwa.

Dozi yoyote ilinganishe na mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, kisha muulize mkufunzi. Bando likiwa dogo, pakua mwongozo huo mara moja uusome bila mtandao.

Picha ya mgonjwa isiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kujifunza.

Na mgonjwa akikueleza alichosoma Facebook, msikilize amalize, ndipo umfafanulie kwa Kiswahili chepesi, au Kizigua au Kisambaa mkielewana.